Shajara ya mradi: kurudisha vitamini mwilini baada ya dayati kali, Ngamiani, Tanga

Mradi huu ni wa mtu mmoja na jiko moja. Mhusika ni mwanamke wa miaka thelathini na kitu, anatumia metformini kwa ajili ya sukari. Daktari ndiye aliyeandika dawa, afisa lishe akapanga chakula, na shangazi yake mhusika ndiye anayepika. Bila shangazi mpango wote ungebaki kwenye karatasi. Dozi zilizotajwa humu zimepangwa kwa uzito wake na vipimo vyake, si za kunakiliwa na kupelekwa duka la dawa.

Kabla ya kuanza

Kwa miezi minane alikula matunda, karoti, mboga za majani za kuchemsha, maji ya ndimu na chai ya rangi. Nyama, samaki, mayai, maziwa, nazi na mafuta ya aina yoyote aliviacha. Wali na ugali navyo akaviacha. Wiki ya mwisho akanywa juisi tupu ili "kusafisha mwili". Uzito umeshuka kutoka kilo 72 hadi 60, na kilo 8 kati ya hizo zimetoka ndani ya miezi sita ya mwisho. Urefu wake ni sentimita 160, kwa hiyo kwa macho anaonekana mtu mwenye mwili wa kawaida. Ndiyo maana hakuna aliyeshtuka mapema.

Malalamiko yake: ganzi na moto kwenye nyayo, ulimi umekuwa laini kama umepigwa msasa na unawasha akionja ndimu, nywele zinatoka kwa vishungi, pumzi inakata akipanda ngazi, viganja vya njano. Nyumbani walihofia homa ya ini kwa sababu ya viganja. Dawa ya hofu hiyo ni kutazama macho: yakiwa meupe huku viganja na nyayo ni vya njano, hiyo ni karotini ya karoti na mapapai iliyokaa ngozini, na itaondoka yenyewe kwa muda. Manjano ya ini huanza kuonekana machoni.

Vitamini hazikuwa jambo la kwanza kwenye orodha yetu. La kwanza lilikuwa hatari ya kumlisha haraka. Mwili uliozoea njaa hupunguza akiba ya fosfeti, potasiamu na magnesiamu ndani ya seli, ingawa damu inaweza kusoma vizuri. Wanga ukirudi kwa wingi, insulini inapanda na kuyasukuma madini hayo kutoka kwenye damu kuingia ndani ya seli kwa mkupuo. Damu inabaki tupu, moyo unakosa mpangilio, misuli ya kupumua inalegea. Aliyepungua zaidi ya asilimia 10 ya uzito ndani ya miezi mitatu hadi sita, na juu ya hapo akakaa zaidi ya siku 5 bila kula cha maana, anahesabiwa kuwa hatarini. Mhusika ana yote mawili. Kwa hiyo sahani ya kwanza ya pilau ya kumkaribisha tena mezani imezuiwa, na shangazi hakupenda.

Vipimo

Damu, yaani hemoglobini, 9.6, ni pungufu. Ukubwa wa chembe nyekundu, ile MCV kwenye karatasi, ni 86, wa kawaida kabisa, na hapo ndipo wengi wanadanganyika. Upungufu wa chuma huzaa chembe ndogo, upungufu wa B12 huzaa chembe kubwa. Vikikutana kwa mtu mmoja wastani unaangukia katikati na karatasi inasema hakuna tatizo. Kinachofichua siri ni RDW, yaani chembe zinatofautiana kiasi gani kwa ukubwa. Yake ni 19.4, wakati mpaka wa juu wa kawaida uko kama 15. Anayesoma MCV peke yake atampa vidonge vya chuma na kumrudisha nyumbani na ganzi yake.

Feritini 8, yaani ghala la chuma limekwisha. Ilipimwa pamoja na CRP, kipimo kinachopanda mwili ukiwa na maambukizi, kwa sababu feritini hupanda mtu akiwa na maambukizi na inaweza kuonekana nzuri ilhali ghala ni tupu. CRP ilikuwa ya kawaida, kwa hiyo ile 8 ni ya kuaminika. B12 ni 142. Chini ya 200 ni upungufu. Vitamini D ni 13. Chini ya 20 ni upungufu. Foleti, yaani vitamini B9, nzuri sana. Potasiamu 3.6, fosfeti 0.86, magnesiamu 0.74: zote ziko ndani ya mstari lakini zimesimama ukingoni.

Vitamini C hatukuihangaikia. Mtu anayekula machungwa ya Muheza na mapapai kila siku hapati kiseyeye.

Maswali mawili yalihitaji majibu. La kwanza: kwa nini B12 imeisha haraka hivi? Ini la mtu mzima huweka akiba ya miaka kadhaa, na miezi minane bila nyama haitoshi kuimaliza. Ukiona imeshuka mapema, tafuta mwizi mwingine. Hapa mwizi ni metformini, ambayo ikitumika kwa miaka huzuia B12 kufyonzwa mwishoni mwa utumbo mwembamba. Dayati ilimalizia tu kazi iliyokwisha anza. Dawa za kuzuia asidi tumboni zikitumiwa muda mrefu zina madhara kama hayo.

La pili: vidonge vya nywele. Alikuwa akimeza biotini ya mikrogramu 10,000 kila siku. Biotini nyingi kwenye damu huvuruga baadhi ya mashine za maabara, na B12 na vitamini D zinaweza kusomeka juu kuliko zilivyo. Tulimwambia aache siku tatu kabla ya kutolewa damu. Maabara nyingi hazimuulizi mgonjwa swali hili, kwa hiyo mtu aseme mwenyewe.

Foleti nzuri inaonekana ni habari njema, lakini hapa ni mtego. Foleti ikiwa tele, damu inaweza kuendelea kutengenezwa kwa namna fulani huku mishipa ya fahamu ikiharibika kimyakimya kwa kukosa B12. Kwa sababu hiyo vidonge vya FEFO, ambavyo vina chuma pamoja na asidi ya foliki, havikuruhusiwa kuingia kabla ya B12.

Wiki ya 1: kulisha taratibu

Kabla ya kijiko cha kwanza cha uji alimeza tayamini, yaani vitamini B1, miligramu 100. Baada ya hapo miligramu 100 asubuhi na 100 jioni kwa siku 10. Akiba ya tayamini mwilini inadumu wiki mbili tatu tu, na mwili huihitaji kila unapochoma wanga. Wiki nzima ya juisi tamu imeitumia bila kurudisha kitu. Wanga ukitangulia na tayamini ikafuata, ubongo na moyo ndivyo vinavyolipa.

Siku mbili za kwanza zilipangwa kalori 900 hivi, yaani 15 kwa kila kilo. Asubuhi uji wa dona gramu 40 za unga na maziwa mililita 200. Saa 4 yai moja la kuchemsha. Mchana wali kikombe kimoja kilichoiva, kipande cha kibua gramu 60, mchicha ulioungwa kwa kijiko kimoja cha chai cha mafuta. Jioni nusu kikombe cha maharage na kiazi kitamu kidogo. Maziwa yamewekwa makusudi: yana fosfeti na potasiamu ndani ya chakula chenyewe, na Tanga mjini hayana tabu kupatikana. Ya mfugaji yachemshwe mpaka yafure, brusela, ugonjwa wa maziwa mabichi, haina huruma.

Mpango ulikuwa siku ya tatu kalori 1,200, ya tano 1,500, ya saba 1,800. Damu ya kupima madini ilitolewa siku ya pili, ya nne na ya saba. Fosfeti ilishuka kidogo siku ya pili hadi 0.79. Daktari akaongeza dawa ya fosfeti ya kunywa, na chakula kikabaki palepale siku moja zaidi badala ya kupanda. Siku ya nne ilikuwa imerudi 0.95. Sukari ilipimwa asubuhi na saa mbili baada ya mlo. Haikuleta shida kwa vipimo hivi vya wanga.

Dalili za kumkimbiza hospitali ya Bombo bila kusubiri asubuhi ziliandikwa na kubandikwa jikoni: miguu kuvimba ghafla, mapigo ya moyo kwenda mbio akiwa amekaa, kupumua kwa shida, kuchanganyikiwa, macho kuona viwili viwili.

Uzito ulipanda kilo 1.8 ndani ya wiki. Hapa ndipo wengi waliotoka kwenye dayati hukata tamaa na kurudi kwenye juisi. Kilo hizo karibu zote ni maji: glikojeni, akiba ya wanga, inaporudi kwenye ini na misuli huja na maji yake, na chumvi nayo inashika mengine. Mafuta ya mwili hayawezi kuongezeka kilo mbili kwa kula kalori 1,300. Tuliamua mizani iondolewe chumbani kwake na ikae kwa afisa lishe.

B12: sindano

Kwa kuwa ganzi ipo, vidonge viliachwa. Haidroksikobalamini mikrogramu 1,000, sindano ya msuli, siku moja ndiyo siku moja hapana, mpaka ganzi iache kupungua zaidi. Asiye na dalili za mishipa ya fahamu anaweza kutibiwa kwa vidonge vya mikrogramu 1,000 hadi 2,000 kila siku. Sehemu ndogo ya dozi kubwa hivyo hupenya utumboni hata njia ya kawaida ikiwa imeziba.

Duka la dawa la kwanza lilileta sindano ya mchanganyiko wa B1, B6 na B12. Tuliikataa. B12 yake inatosha, lakini kila chupa ina miligramu 100 za B6, na B6 nyingi kwa muda mrefu yenyewe huleta ganzi ya miguu. Ungetibu ganzi kwa kitu kinacholeta ganzi, kisha usijue ipi ni ipi.

Mambo mawili ya kutarajia. Uboho ukipata B12 huanza kufyatua chembe changa kwa kasi, kilele kikiwa kati ya siku ya tano na ya saba, na kila chembe inayotengenezwa huchukua potasiamu. Ndiyo sababu potasiamu ilipimwa tena hata baada ya hatari ya kulishwa kupungua. Pili, moto wa nyayo unaweza kuzidi kidogo wiki za mwanzo kabla ya kutulia. Hilo peke yake si sababu ya kuacha sindano.

Wiki ya 2: chuma na vitamini D

Chuma kilisubiri tumbo lizoee chakula. Feri salfeti miligramu 200, yenye chuma halisi miligramu 65, kidonge kimoja siku za kupishana. Kumeza kila siku, au mara tatu kwa siku kama zamani, kunaleta choo kigumu na kichefuchefu bila faida inayolingana. Dozi moja hupandisha hepsidini, homoni inayofunga mlango wa utumbo, na mlango hukaa umefungwa kama siku nzima. Kidonge cha pili kikiingia mapema, kingi chake kinapita na kutoka. Choo kuwa cheusi ni kawaida.

Vitamini D3 yuniti 50,000 mara moja kwa wiki, wiki 8. Imepangiwa Ijumaa mchana, mlo wenye mafuta kuliko yote, wali wa nazi na samaki. Ikimezwa na tunda peke yake, nyingi inapotea kwa kukosa mafuta ya kuibeba. Kwa herufi kubwa juu ya boksi tuliandika IJUMAA TU: ajali inayojulikana ya dozi hii ni mtu kuimeza kila siku, kalsiamu ikapanda kwenye damu, kiu isiyoisha, kutapika, figo kuumia. Kalsiamu ilipimwa kabla ya kuanza.

Watu huuliza vitamini D inakosekanaje Tanga, kwenye jua lote hili. Jua halikosekani, linakosa ngozi. Mtu anayeamka kabla ya mapambazuko, akafanya kazi ndani, akatoka amevaa baibui, hapati miale inayohusika. Kupitia kioo cha dirisha haipiti. Uani kwao kuna faragha: mikono mpaka juu ya viwiko na miguu mpaka magotini, dakika 15 hivi kati ya saa 4 na saa 9, wakati kivuli chako ni kifupi kuliko wewe. Mwenye ngozi nyeusi sana anahitaji muda zaidi.

Jikoni

Hapa ndipo kazi kubwa ilipo, na ndipo vitamini nyingi hupotea bila mtu kujua.

Magadi kwanza. Shangazi huweka kipande kwenye maharage ili yaive haraka, na kwenye mlenda. Magadi huua tayamini, na vitamini C nayo haipendi. Tunahangaika kumeza B1 asubuhi huku sufuria ya mchana inaiunguza. Badala yake maharage yanalowekwa usiku, saa 8 hadi 12, maji yanamwagwa, yanapikwa kwa maji mapya. Kuloweka kunapunguza pia fitati, kile kitu kwenye nafaka na kunde kinachokamata chuma na zinki visifyonzwe. Mkaa umeongezeka kidogo, ndiyo gharama yake. Uji wa kuchachusha usiku mmoja una faida hiyohiyo, na mhusika aliupenda kuliko wa kawaida.

Mchele mweupe una tayamini kidogo tangu mashineni. Ukiuosha mara nne tano, kisha ukaupika kwa maji mengi na kuyamwaga, hubaki wanga mtupu. Osha mara moja au mbili, pika maji yakaukie. Unga: dona la mashine ya mtaani lina kiini chake lakini haliongezwi kitu. Unga wa ngano na sembe wa viwanda vikubwa hutakiwa kuongezwa chuma, zinki, foleti na B12, na mafuta ya kula huongezwa vitamini A. Angalia alama kwenye mfuko. Tunachanganya: dona siku nyingi, chapati za unga wa kiwandani mara mbili kwa wiki.

Mchicha: kata baada ya kuosha, si kabla, maji ya kufunika chini ya sufuria tu, kifuniko, dakika 3 au 4, na supu yake isimwagwe. Kisamvu ni habari nyingine. Lazima kitwangwe na kichemke muda mrefu ili sumu ya sianidi itoke, kwa hiyo usikihesabie vitamini C. Kihesabie vingine, na tui lake la nazi lisaidie karotini kupita.

Imani ya mtaani kwamba mchicha, juisi ya rozela au ya bitiruti "inaleta damu" tumeijibu mara nyingi. Chuma cha mboga hufyonzwa kidogo. Bitiruti hubadilisha rangi ya mkojo. Vinywe kama chakula, visiwekwe mahali pa kidonge.

Samaki ndiye mshindi wa mpango huu, kwa bei na kwa virutubisho. Gramu 100 za vibua zinavuka kwa urahisi mahitaji ya B12 ya siku, ambayo ni mikrogramu 2.4 tu. Dagaa wanaliwa na mifupa, kwa hiyo kalsiamu inaingia humohumo. Wakavu walowekwe maji ya uvuguvugu dakika 10 wamwage mchanga na chumvi, kisha wakaangwe kwa nyanya na kitunguu. Tatizo ni mwezi: mbalamwezi ikiwa kali, taa za wavuvi hazivuti dagaa, ngalawa zinarudi nyepesi na bei inapanda. Nunua wakavu siku za giza, weka kwenye ndoo yenye mfuniko, usihesabu wabichi siku zote za mwezi. Ini la ng'ombe gramu 50 mara moja kwa wiki linaongeza vitamini A, B12 na chuma. Si kila siku, kwa sababu vitamini A ya ini hurundikana, na mjamzito aliepuke.

Chumvi: nyumbani walihamia chumvi ya magunia ya pwani kwa kuwa ni "ya asili". Ya asili ndiyo, lakini haina iodini mpaka iwekewe. Imerudishwa ya paketi yenye iodini, inahifadhiwa kwenye chupa yenye kifuniko mbali na jiko, na inatiwa chakula kikikaribia kuiva.

Wiki ya 6: damu imegoma

Baada ya wiki nne za chuma tulitarajia damu kupanda kama 2, ifike 11.6 hivi. Imesoma 10.3. B12 inafanya kazi: ulimi umeanza kurudisha vinundu vyake vidogo, RDW imepanda hadi 21, jambo la kawaida chembe mpya zinapochanganyika na za zamani. Kinachokwama ni chuma.

Utaratibu wa kumtafuta mhalifu: je, kidonge kinamezwa? Kinamezwa na nini? Kuna damu inayovuja? Kuna maambukizi? Kipimo cha malaria hakikuonyesha kitu. Choo hakina mayai ya safura wala damu iliyofichika. Vidonge vilivyobaki kwenye chupa vinalingana na hesabu. Lakini kidonge kilikuwa kinamletea kichefuchefu asubuhi, akaanza kukimeza katikati ya chai ya maziwa. Tanini za chai zinaweza kukata zaidi ya nusu ya chuma kinachofyonzwa, na kalsiamu ya maziwa inaongeza yake. Kidonge kikahamishiwa usiku, saa mbili au zaidi baada ya chakula, kwa maji na chungwa moja. Kichefuchefu kikapita akiwa usingizini.

La pili lilijitokeza kwa kuuliza vizuri. Hedhi zake zilipungua sana wakati wa dayati, na sasa zimerudi: siku 7, siku mbili za mwanzo pedi inajaa ndani ya saa moja na nusu. Kurudi kwa hedhi ni dalili kwamba mwili umepata chakula. Ila kwa kiasi hicho, damu inayojengwa inatoka. Amepewa rufaa ya daktari wa wanawake, na hatutaongeza dozi ya chuma kufunika tatizo hilo.

Nywele bado zinatoka na analaumu dawa. Nywele hutoka miezi miwili hadi mitatu baada ya mshtuko wenyewe, kwa hiyo zinazoanguka leo ni za wiki ile ya juisi na kabla yake. Tazama kwenye paji la uso: vinyweleo vifupi vimeanza. Biotini haikurudishwa.

Wiki ya 10

Damu 11.7. MCV 89. Feritini 17. Uzito kilo 64, umetulia. Dozi nane za vitamini D zimekwisha, sasa yuniti 2,000 kila siku na mlo wa mchana. Ganzi imebaki kwenye vidole vya miguu tu. B12 haikupimwa: mtu anayechomwa sindano atasoma juu daima, na hela ya kipimo hicho afadhali inunue samaki.

Ramadhani

Mhusika alitaka kufunga. Daktari aliruhusu kwa sharti kwamba damu iwe juu ya 11, sukari iwe tulivu, na afungue siku yoyote akisikia kizunguzungu au sukari ikishuka chini ya 3.9, siku hiyo ataikidhi baadaye. Metformini ikapangwa upya na yeye mwenyewe daktari, dozi kubwa ikikaa kwenye futari.

Kazi ilikuwa kupanga saa. Futari ya Tanga imejaa vitu vizuri: mihogo ya nazi, magimbi, tambi, uji wa pilipili manga, samaki wa kupaka, na chai juu yake. Kidonge cha chuma hakina nafasi hapo. Kimewekwa saa 5 usiku baada ya tarawehe, chai ikiwa imeshapita saa mbili. Vitamini D imekwenda na mihogo ya nazi. Daku limepewa protini makusudi, mayai mawili au maharage na dona, kwa sababu daku la chai na mkate linamwacha bila kitu kufikia saa 6 mchana. Tende zina nguvu ya haraka na potasiamu. Chuma chake ni kidogo kuliko sifa zake. Tatu zinatosha kwa mwenye sukari.

Kilichoharibika ni maji. Choo kiligoma wiki ya kwanza ya mfungo, chuma kikilaumiwa. Lita mbili kati ya futari na daku, papai usiku, na mambo yakafunguka bila kuacha kidonge.

Mwezi wa 4, na kinachofuata

Damu 12.6. RDW 14.8. Feritini 26. Vitamini D 33. Ganzi imeacha kupungua kwa wiki kadhaa sasa, imebaki kidogo kwenye ncha za vidole gumba. Mishipa ya fahamu inaweza kuendelea kujirekebisha mpaka mwaka, lakini kilichokaa muda mrefu sana kabla ya tiba huenda kisirudi chote, na mhusika ameambiwa hivyo waziwazi. Sindano sasa ni moja kila miezi miwili, na kwa kuwa metformini inaendelea, B12 haitaachwa hata akila samaki kila siku.

Chuma kinaendelea miezi mitatu baada ya damu kufika kawaida, ili ghala lijae. Daktari wa wanawake amepata uvimbe mdogo kwenye kizazi na ameanza matibabu ya kupunguza hedhi. Kipimo kijacho ni mwisho wa miezi hiyo mitatu: feritini ikipita 50 kidonge kinasimama na inapimwa tena baada ya miezi sita, ikiwa chini ya 30, mazungumzo yatakuwa juu ya chuma cha dripu. Shangazi ameomba magadi yarudi kwenye mlenda. Tumekubali, mara moja kwa wiki, kwenye maharage bado hapana.